SOMO: CHAKULA CHA MACHO KINATOKA SHAMBANI KWAKO, USIKIUZE CHOTE

Nazungumza nanyi wakulima wenzangu, hasa ninyi vijana mnaofanya kilimo biashara hapa Kilosa, Mikumi na kwingineko. Mara nyingi tunaongea mbegu, mbolea, viuatilifu na bei ya soko. Leo tunageuka kidogo. Somo la leo ni macho: macho yako wewe mkulima, ya mwenzako nyumbani, na zaidi sana ya watoto wenu wadogo.

Utaniuliza, afisa ugani na macho wapi na wapi? Jibu ni rahisi. Sehemu kubwa ya kinachojenga macho ya mtoto hainunuliwi duka la dawa. Inalimwa, inafugwa, inapikwa. Na anayelima ni wewe. Kwa hiyo somo hili ni la ugani kabisa, tena lina hesabu ndani yake.

KWA NINI NAWALENGA WAKULIMA WA BIASHARA

Ukitoka Dumila ukashuka Rudewa mpaka Kilosa mjini, ukaendelea Ulaya na Zombo mpaka Mikumi, huwezi kusema kuna njaa ya chakula cha macho. Mapapai yapo, maboga yapo, maembe msimu wake yanaoza chini ya mti. Wafugaji wanapita na madumu ya maziwa asubuhi. Kuku wa kienyeji wapo karibu kila nyumba.

Lakini ingia jikoni kwa kijana aliyeamua kulima kibiashara. Trei la mayai limeenda barabarani Mikumi kwa mama lishe. Maziwa yameuzwa. Papai zuri limepakiwa kwenye tenga, limebaki lililopondeka. Shamba lote limewekwa zao moja, iwe mahindi, ufuta, mpunga au kitunguu, kwa sababu ndilo lenye hela. Jioni mezani kuna ugali mweupe na maharage, kesho ugali mweupe na dagaa kidogo, keshokutwa wali na maharage. Tumbo linajaa, mtoto anaonekana mnene, hakuna anayehisi kitu.

Sisemi msiuze. Kuuza ndiyo kazi yetu. Ninachosema ni kwamba mkulima wa zamani aliyelima mchanganyiko alikuwa na mboga na maboga katikati ya mahindi hata bila kupanga. Wewe umeondoa mchanganyiko ule ili upate mavuno makubwa ya zao moja. Sawa, lakini basi kile kilichokuwa kinakuja chenyewe sasa ukipange.

Na tatizo si la kufikirika. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2010 ulipima damu za watoto wa chini ya miaka mitano Tanzania ukakuta takribani theluthi moja wana upungufu wa vitamini A. Mtoto mmoja kati ya watatu, na wengi wao wanaishi vijijini, kwenye nyumba za wakulima.

VITAMINI A INAFANYA NINI NDANI YA JICHO

Nyuma ya jicho kuna utando unaopokea mwanga, unaitwa retina. Ndani yake kuna chembe maalumu za kuonea kwenye mwanga hafifu, yaani jioni, alfajiri na usiku. Chembe hizo zinatumia rangi maalumu inayotengenezwa kwa vitamini A. Mwanga ukipiga, rangi ile inavunjika, kisha mwili unaitengeneza tena. Vitamini A ikipungua, utengenezaji unasuasua. Ndiyo maana dalili ya kwanza inajitokeza jioni na si mchana.

Kazi ya pili ni kulinda ngozi laini ya mbele ya jicho iwe na unyevu. Vitamini A ikiisha kabisa, jicho linakauka kama udongo uliokosa mvua. Kioo cha jicho kinaweza kupata kidonda, na kidonda kikipona kinaacha kovu jeupe. Upofu wa namna hiyo haurudi nyuma.

Kazi ya tatu ni kinga ya mwili. Mtoto mwenye upungufu akipata surua au kuhara, anaumwa zaidi kuliko mwenzake. Na surua nayo inamalizia akiba ya vitamini A iliyobaki. Hivi viwili vikikutana, macho yako hatarini sana.

Habari njema ni kwamba mwili unaweka akiba. Ini linahifadhi vitamini A kama ghala. Ukila vizuri msimu wa maembe na maboga, unaweka ghalani. Ukifika msimu mkavu bila kuongeza, unatumia akiba. Watoto wadogo ghala lao ni dogo, linaisha mapema.

DALILI ZA KUANGALIA NYUMBANI

Miaka ya karibuni nilikuwa natembelea shamba la kijana mmoja kwenye bonde la Mkondoa. Ana kuku wa mayai wasiopungua mia mbili, vitabu vyake vya hesabu safi kabisa. Mkewe akaniambia kwa kucheka kwamba mtoto wao wa miaka mitatu ni mvivu: jua likizama tu anakaa mlangoni hataki kucheza, na akitembea anapapasa ukuta. Sikucheka. Niliwaambia wampeleke kituo cha afya siku ileile. Walimpeleka, akapewa vitamini A, na baada ya siku chache akawa anakimbizana na wenzake mpaka giza linaingia. Kwenye nyumba ile mayai yalihesabiwa kila asubuhi, na hakuna hata moja lililokuwa la mtoto.

Angalia haya:

1. Mtoto anaona vizuri mchana lakini jioni anajikwaa, anapapasa, hapati sahani yake, au anakaa sehemu moja.
2. Mama mjamzito analalamika kuwa haoni jioni. Wengi hudhani ni uchovu wa mimba. Siyo.
3. Weupe wa jicho umekauka, hauna mng'ao wa maji.
4. Kuna vidoa vyeupe kama povu pembeni ya jicho, kwenye sehemu nyeupe.
5. Kioo cha jicho kimekuwa na ukungu au kidonda. Hii ni dharura, usisubiri kesho.

Ukiona lolote, nenda kituo cha afya. Usinunue kidonge dukani ukampa kwa kukisia, kwa sababu vitamini A ya vidonge ikizidi inadhuru, na kwa mama mjamzito inaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni.

Na usisahau matone ya vitamini A yanayotolewa kwa watoto wa miezi 6 hadi miaka 5 kila baada ya miezi sita, kwa kawaida Juni na Desemba. Ni bure. Najua Desemba ni wakati wa kuandaa mashamba, lakini saa moja ya kliniki haitakukosesha msimu.

CHAKULA GANI KINA NINI

Vitamini A tunaipata kwa njia mbili.

Njia ya kwanza ni vyakula vya wanyama, ambavyo vina vitamini A iliyo tayari: maini, kiini cha yai, maziwa yenye mafuta yake, na samaki wadogo wanaoliwa wazima. Maini ndiyo yenye nyingi kuliko vyote. Kipande kidogo mara moja kwa wiki kwa mtoto kinatosha sana. Mama mjamzito asile maini kila siku, kwa sababu ileile niliyoitaja ya kuzidi.

Njia ya pili ni mimea. Hii ina kitu kinaitwa beta-karotini, ambayo mwili unaigeuza kuwa vitamini A. Mwili hugeuza ile inayohitaji, kwa hiyo chakula cha mimea hakiwezi kukudhuru kwa kuzidi. Ukila mno, viganja vinaweza kuwa na rangi ya njano; punguza, rangi inaondoka. Rangi ndiyo inayokuongoza hapa:

- Rangi ya chungwa: viazi lishe, karoti, maboga yenye nyama ya rangi iliyokolea, papai, embe.
- Kijani kilichokolea: mchicha, matembele, majani ya maboga, majani ya kunde, kisamvu, mnafu, mgagani.
- Mawese mekundu, yale ya Kigoma ambayo hayajasafishwa mpaka yakapoteza rangi.

Sasa hesabu. Mtoto wa mwaka 1 hadi 3 anahitaji takribani maikrogramu 300 za vitamini A kwa siku, na wa miaka 4 hadi 8 anahitaji 400. Mwanamke mtu mzima 700, mwanaume 900, na mama anayenyonyesha 1,300. Linganisha:

- Yai moja kubwa: takribani 80.
- Kikombe cha maziwa yasiyotolewa mafuta: zaidi kidogo ya 100.
- Gramu 100 za papai au embe: takribani 50.
- Gramu 100 za mchicha uliopikwa: takribani 140.
- Gramu 100 za viazi lishe vya chungwa vilivyochemshwa: mara nyingi zaidi ya 500, kutegemea aina na ukali wa rangi.
- Viazi vitamu vyeupe: karibu hakuna.
- Ugali wa mahindi meupe, sembe au dona: karibu hakuna.

Ukiangalia orodha hiyo utaelewa kwa nini watafiti wa viazi husema gramu 125 za viazi lishe, yaani kiazi kimoja kidogo, zinatosha mahitaji ya siku nzima ya mtoto mdogo. Hakuna zao lingine la kawaida hapa kwetu linalokupa kiasi hicho kwa gharama ndogo namna hiyo.

Wazee wetu wanakumbuka mahindi ya njano ya msaada miaka ya shida, wakayaita unga wa Yanga, na mpaka leo wengi wanaona njano ni chakula cha njaa. Kwa upande wa macho, njano ile ilikuwa na faida kuliko weupe tunaoupenda. Mahindi ya njano na kiini cha yai vina pia luteini na zeaksanthini, viini vya rangi ambavyo jicho huvihifadhi katikati ya retina. Kwa hiyo chakula chenye rangi kisikupe aibu.

BILA MAFUTA, UMEPOTEZA NUSU YA KAZI

Hapa ndipo nyumba nyingi zinakosea. Beta-karotini inayeyuka kwenye mafuta, haiyeyuki kwenye maji. Mtoto akila matembele yaliyochemshwa kwa maji na chumvi tu, sehemu kubwa inapita bila kuchukuliwa na mwili. Weka kijiko cha mafuta, au unga karanga, au nazi, au ufuta uliosagwa. Ninyi wa ufuta mnauza magunia kwa magunia. Bakiza kilo chache za kuungia mboga.

Pia mboga za majani zikatwe ndogo na zipikwe mpaka zilainike, ila zisichemke saa nzima. Kupika kidogo kunavunja kuta za jani ili karotini itoke. Karoti mbichi ya kutafuna inatoa kidogo kuliko karoti iliyopikwa kwenye mafuta.

Mafuta ya viwandani nchini yanatakiwa kisheria kuongezwa vitamini A, ila mwanga unaiharibu. Ukinunua mafuta ya kupima kwenye chupa nyeupe iliyokaa juani gengeni siku nzima, usitegemee sana vitamini yake. Hifadhi mafuta gizani, chombo kifunikwe. Alizeti tunayokamua wenyewe kwa kawaida haijaongezwa kitu, lakini bado inafanya kazi ya kubeba karotini ya mboga.

VIAZI LISHE: KANUNI ZA SHAMBANI

Viazi lishe si kitu kipya wala cha kubahatisha. Mwaka 2016 Tuzo ya Chakula Duniani ilitolewa kwa watu wanne kwa kazi ya kuongeza virutubisho kwenye mazao, na watatu kati yao, Maria Andrade, Jan Low na Robert Mwanga wa Uganda, walikuwa wa viazi lishe hivihivi. Hapa Tanzania aina kama Kabode, Mataya na Kiegea zinajulikana.

1. Mbegu. Tunapanda marando. Chukua marando kwa mzalishaji anayejulikana, yasiwe na majani yaliyojikunja, yenye mabaka au yaliyodumaa, kwa sababu hiyo ni dalili ya virusi na virusi havina dawa. Kata sentimita 30 kutoka nchani, zenye pingili sita hadi nane.

2. Kupanda. Lima matuta, mita 1 kutoka tuta hadi tuta. Panda rando kila sentimita 30, fukia theluthi mbili, acha ncha. Kwa ekari unahitaji marando takribani 13,000. Panda mvua zikiwa zimekolea, udongo ukiwa na unyevu.

3. Palizi na kupandishia udongo. Mwezi wa kwanza na nusu ndio wa hatari kwa magugu. Baada ya hapo majani yanafunika yenyewe. Pandishia udongo kila tuta linapopasuka, kwa sababu fukusi wa viazi anaingia kwenye ule ufa. Ukiziba ufa, umemzuia bila sumu.

4. Kuvuna. Miezi mitatu na nusu hadi mitano kutegemea aina. Usiviache ardhini mpaka kiangazi kikali, fukusi atakutangulia. Usirudie viazi sehemu ileile mfululizo. Badilisha na mahindi au jamii ya kunde.

5. Kutunza mbegu kiangazi. Hili ndilo linaloua zao huku kwetu: mvua ikikatika, marando yanakauka, mwakani hakuna mbegu. Njia ya kwanza, panda tuta moja karibu na maji ya bafuni au kwenye migomba. Njia ya pili, chagua viazi vidogo visivyo na jeraha wala tundu la fukusi, vipange kwenye beseni kwa tabaka za mchanga mkavu, weka ndani penye ubaridi. Wiki sita hadi nane kabla ya mvua, vipande kwenye kitalu kidogo cha kumwagilia. Mvua ikifika una marando mapya.

HESABU YA TUTA LA NYUMBANI

Kijana mfanyabiashara anaelewa hesabu, basi tufanye. Chukua eneo la mita 4 kwa 10 nyuma ya nyumba. Hayo ni matuta manne ya mita kumi. Kila tuta linachukua marando 33, jumla 132. Tukikadiria nusu kilo kwa kila shina, unapata kilo 66.

Watoto wawili, kila mmoja gramu 125 kwa siku, ni robo kilo. Kilo 66 zinawatosha siku 264. Sema nusu imeliwa na watu wazima au fukusi: bado ni zaidi ya miezi minne. Ukipanda matuta mawili mwanzo wa mvua na mawili wiki sita baadaye, unaepuka kuvuna vyote kwa mpigo. Na tangu mwezi wa pili unachuma matembele kidogo kidogo kwa mboga. Usiyamalize tu, kiazi kinahitaji majani.

Mita za mraba 40 ni sehemu ya mia moja ya ekari. Sioni biashara gani itaanguka kwa sababu hiyo. Ongeza mpapai miwili, mashina machache ya maboga pembezoni, na kanuni moja ya banda la kuku: kabla trei halijafungwa, mayai ya watoto yanatolewa kwanza. Yaandike kwenye daftari kama matumizi. Ukiyaandika utayaheshimu.

KUPIKA, KUKAUSHA NA KUUZA

Chemsha kiazi na ganda lake, sufuria ikiwa imefunikwa, maji kidogo. Kipondeponde na maziwa au karanga kwa mtoto aliyezidi miezi sita. Usisahau kwamba chini ya miezi sita ni maziwa ya mama pekee, na yale ya mwanzo ya njano yana vitamini A nyingi, yasimwagwe.

Kwa anayetaka kukausha, kata vipande vyembamba na kausha kivulini penye upepo au kwenye kikaushio kilichofunikwa. Jua la moja kwa moja linapausha rangi, na rangi ndiyo vitamini yenyewe. Unga wake utunze kwenye chombo kisichopitisha mwanga na uutumie mapema, kwa sababu karotini hupungua kadiri miezi inavyopita. Changanya na unga wa ngano kwa maandazi na chapati.

Kuhusu soko nasema ukweli. Watu wazima wengi wanapenda kiazi kikavu chenye wanga mwingi, na baadhi ya aina za chungwa zina maji zaidi. Kwa hiyo usikurupuke kulima ekari tatu kwa sababu umesoma hapa kwamba ni dawa ya macho. Anza na robo ekari, peleka kwa mama lishe wa barabarani Mikumi ambapo mabasi na malori yanapumzika, waulize wateja wanasema nini. Watoto hawana shida, wanakipenda kwa utamu. Njia nyingine ya kipato ni kuuza marando safi mwanzo wa mvua, wakati kila mtu anatafuta.

MAMBO AMBAYO CHAKULA HAKITIBU

Nisingependa mtu aondoke hapa akidhani mchicha unaponya kila kitu.

- Mtoto wa shule asiyeona ubaoni, au mtu wa miaka 40 na zaidi anayesogeza kibandiko cha kiuatilifu mbali ndipo asome, anahitaji kupimwa na kupewa miwani. Karoti haiondoi miwani. Ile hadithi ya karoti na kuona gizani ilivuma Vita Kuu ya Pili ya Dunia, Waingereza walipodai marubani wao wanaona usiku kwa sababu ya karoti, kumbe walikuwa na rada waliyotaka kuificha.
- Mtoto wa jicho hutibiwa kwa upasuaji. Chakula bora na kuacha sigara vinasaidia kuchelewesha, haviondoi.
- Trakoma, ugonjwa uliowasumbua kwa miaka mingi majirani zetu wa Kongwa, unatokana na vijidudu vinavyoenezwa kwa nzi, mikono na nguo. Kinga ni kunawa uso, vyoo na usafi, pamoja na dawa.
- Kisukari kinaharibu mishipa midogo ya nyuma ya jicho. Vijana mnaokunywa soda tatu kwa siku kwa sababu hela ya kitunguu imeingia, mjiangalie. Papai la shambani ni tamu na lina faida.
- Kiuatilifu kikiingia jichoni, osha kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 15 au zaidi, kisha nenda hospitali na kibandiko cha dawa. Usiweke maziwa ya mama, tui wala majani yoyote. Na miwani ya kupulizia ni bei ndogo kuliko jicho.

MASWALI NINAYOULIZWA SANA

Afisa, mtoto wangu amepata matone, bado nihangaike na viazi? Ndiyo. Matone yanajaza ghala kwa muda, chakula ndicho kinacholijaza kila siku. Tena matone ni ya watoto wa chini ya miaka mitano. Mama mjamzito na kijana wa sekondari hawamo.

Sina nafasi ya bustani, nimepanga chumba Mikumi mjini. Viroba viwili vya mchicha na matembele vinakaa mlangoni. Mengine nunua: fungu la majani ya maboga, karoti, yai. Usiache kununua kwa sababu tu wewe ni mkulima na unaona aibu kununua mboga.

Mboga za majani peke yake zinatosha? Zinasaidia sana, na zina chuma na virutubisho vingine. Ila mwili unachukua karotini ya majani kwa shida zaidi kuliko ya matunda na viazi. Changanya, na usisahau mafuta.

KAZI YA WIKI HII

1. Andika vyakula vyote vilivyoliwa nyumbani kwako siku tatu zilizopita. Weka alama kwenye vyenye rangi ya chungwa, kijani kilichokolea, yai, maziwa au maini. Kama alama hazifiki tatu, una kazi.
2. Jioni moja, taa ikiwa haijawashwa, mwangalie mtoto wako anavyotembea na anavyookota kitu chini.
3. Angalia kadi ya kliniki: matone ya mwisho yalikuwa lini?
4. Pima mita 4 kwa 10 na utafute marando. Wa Kilosa, TARI Ilonga na chuo cha kilimo Ilonga wako jirani. Waulize wanakojua marando safi yanapatikana, au muone afisa ugani wa kata yako.

Bei ya mahindi itapanda na kushuka, mwaka mmoja utapata, mwingine utakosa na kujipanga upya. Kioo cha jicho la mtoto kikishapata kovu, msimu ujao hautalirudisha. Basi tenga kwanza chakula cha macho, kinachobaki peleka sokoni.

Somo lijalo tutaongelea namna ya kuandaa kitalu cha marando ya biashara hatua kwa hatua. Kazi njema shambani.